Gunia la Cheo

Kiwandani kwao cheo hakikupatikana kwa cheti wala kwa miaka ya kazi. Kilipatikana kwa gunia. Mwanamume aliyetaka kuwa msimamizi wa zamu alisubiri Ijumaa mashine zikizimwa, akabebeshwa gunia la unga wa ngano begani, akapanda nalo ngazi za chuma kutoka sakafu ya kufungashia hadi ofisi ya juu yenye madirisha ya vioo. Wenzake walisimama chini wakimshangilia. Akifika juu bila kupumzika, anashuka akiwa bosi. Jambo hilo waliliita kupandisha gunia, na walilizungumzia kwa heshima utadhani ni agizo lililoshuka kutoka mbinguni.

Sasa mtu mwenye akili zake atauliza: huyo msimamizi akishapata cheo, anabeba nini? Habebi kitu. Anabeba kalamu. Magunia hubebwa na mkanda wa umeme hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hubebwa na makuli. Kazi ya msimamizi ni kuangalia mashine zisikwame, watu wafike kwa wakati na unga utoke mweupe. Mama mjamzito angeifanya, na ukweli ni kwamba mama wajawazito wengi waliifanya, maana msimamizi alikwenda kunywa chai, chai yenyewe aliinywa kutwa, na zamu ikabaki mikononi mwa wanawake wa kufungasha.

Miongoni mwao alikuwako mmoja waliyemwita Shazia, jina la ile sindano ndefu ya kushonea magunia, kwa sababu alikuwa mwembamba, alikuwa mshonaji, na mdomo wake ulichoma. Alianza kazi pale angali msichana, enzi za kushona kwa mkono, kabla haijaletwa mashine inayoning'inia kwenye kamba. Vijana walioletwa wakiwa hawajui kutofautisha unga na vumbi aliwafundisha yeye. Wakishajua walipandisha gunia, na wakishapandisha wakaanza kumwita "wewe". Mmojawapo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo huyo Shazia alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, akampigania shuleni, na alipoacha shule akamwombea kazi ya ukuli palepale kiwandani. Haukupita muda kijana akaanguka kutoka juu ya lori la ngano, mgongo ukapata hitilafu. Hakumwambia mtu, kwa kuwa kuli asiye na mgongo hana kazi. Ni dada yake aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto, na ni dada yake aliyekwenda naye kwa daktari wakaambiwa wote wawili kwamba kijana asibebe tena kitu kizito, akibeba huenda asisimame tena. Basi njia pekee ya kuacha kubeba ilikuwa kupata cheo, na njia pekee ya kupata cheo ilikuwa kubeba.

Hapo ndipo dada mtu alipofanya kile ambacho wanawake wa kufungasha walikuwa wakikifanya tangu zamani. Pumba za ngano zilitoka upande wa pili wa sakafu ileile. Gunia likijazwa pumba, juu likafunikwa kwa unga kidogo, hunenepa kama mengine na hupigwa muhuri kama mengine, lakini hata mtoto wa shule angelitupia begani. Mwanamume aliyetaka cheo alimwendea mkewe, au dada yake, au shangazi yake, akamnong'oneza, "Nishonee jepesi." Akashonewa. Hakuna aliyekumbuka nani alianza. Msimamizi mkuu, jitu la sauti nene lililopachikwa jina la Kipaza, alishonewa lake na shangazi yake, Mungu amrehemu, na kila mwanamke pale alilijua hilo. Walishona kwa moyo mkunjufu wakidhani wanajenga nyumba zao. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anajishonea bosi.

Wangeendelea hivyo hadi kufa kama si yule mpima uzito. Huyu walimwita Mama Mizani, mwanamke wa miraba minne, mwenye kucheka kwa sauti hadi unga ukaruka. Nafasi ya msimamizi ilipokuwa wazi, akaenda kwa Kipaza akasema anataka kupandisha gunia. Watu walidhani anatania. Kipaza alimtazama toka juu hadi chini, akasema haya, Ijumaa. Gunia lake halikushonwa maalumu na wanawake wa kufungasha. Kipaza alilichagua kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye rundo la ukutani, pale paa linapovuja, gunia la unga mtupu lililokuwa limenyonya maji upande mmoja.

Mama Mizani alilibeba. Ngazi zilimlilia chini ya miguu, jasho likamtiririka likachanganyika na unga usoni, lakini alipanda. Kwenye kona alilihamisha kutoka bega hili kwenda bega lile, akaendelea, akafika juu, akalibwaga mlangoni pa ofisi. Kipaza akatangaza kwa ile sauti yake kwamba ameshindwa, kwa sababu kuhamisha bega ni sawa na kupumzika. Sheria hiyo hakuna aliyewahi kuisikia kabla ya dakika ile. Kisha akaongeza kwamba hata angefaulu, mumewe angepikiwa na nani akiwa zamu? Wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. Miongoni mwa waliocheka, Shazia alimwona mdogo wake.

Mama Mizani hakulia. Alishuka mikono mitupu, akaja hadi kwenye meza ya kushonea, akasema kwa utulivu, "Mimi nakwenda mahakamani. Nani anakwenda na mimi?"

Walikwenda wote. Walimpata wakili, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, akawaeleza kwamba wanaweza kufungua kesi ya pamoja: mmoja anasimama mbele kwa niaba ya wanawake wote waliowahi kunyimwa cheo pale, na atakachokipata au atakachokikosa ni cha wote. Wakamchagua Shazia kwa ajili ya mdomo wake. Alikubali bila kujivunga. Kilichokuwa kikimuuma hakikuwa mshahara peke yake, ingawa na huo pia ulimuuma. Kilichomkereketa roho ni kuzeeka akiwafundisha watu kazi halafu akatakiwa awaombe ruhusa ya kwenda chooni.

Kampuni ilileta mawakili waliovaa suti zinazong'aa. Hoja yao ilikuwa moja na waliirudia kama kasuku: mtihani ni wa wote, ngazi ni zilezile, gunia ni lilelile. Kama maumbile yamewanyima wanawake mabega, kampuni si Mungu. Shazia alikuwa amekaa mbele kabisa aliposikia "gunia lilelile", na damu ikamchemka hadi masikioni. Alitaka kusimama aseme. Akageuka, akamwona mdogo wake kwenye viti vya mashahidi wa kampuni, amekaa upandeupande kama anavyokaa mgongo ukimsumbua. Mdomo uliosifiwa kwa kuchoma ukakauka.

Nje ya mahakama wakili wao aliwauliza kama kuna jambo lolote kuhusu mtihani ule ambalo hajaambiwa. Wanawake wote waliangalia viatu vyao. Hata Mama Mizani aliangalia viatu vyake, kwani mumewe alikuwa msimamizi wa ghala. Kanuni ya kiwanda ilikuwa wazi: aliyedanganya kwenye kupandisha gunia anafukuzwa siku hiyohiyo. Na ukiacha kanuni, kuna mwanamume gani angerudi nyumbani na kumtazama mkewe usoni baada ya dunia kuambiwa kwamba cheo chake kilijaa pumba? Basi wakafunga midomo ili kulinda waume na ndugu, na waume na ndugu haohao walikuwa upande wa pili wakiapa kwamba wanawake hawana mabega. Mtu akifikiri sana juu ya jambo hilo anaweza kutafuna ukuta.

Kisha mawakili wa kampuni wakalewa ushindi. Walimwomba jaji aje kiwandani ajionee kwa macho yake jinsi mtihani ulivyo wa haki. Jaji alikubali. Wakili wa wanawake akaona mtego, akasema hataki kampuni itayarishe gunia jepesi kumlaghai jaji, kwa hiyo gunia lishonwe na wanawake wenyewe. Maskini alidhani amewakomesha. Wanawake nyuma yake walitazamana, na Kipaza akatabasamu kama mtu aliyeletewa chakula kitandani. Akamnong'oneza wakili wa kampuni, naye akasimama kupendekeza mbebaji: mdogo wake Shazia, ili mahakama ione kwamba hakuna chuki kati ya pande mbili, dada mlalamikaji, mdogo mtu shahidi. Jaji akaona ni sawa.

Siku iliyofuata Kipaza alipita kwenye meza ya kushonea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama karibu mno, akashika ukingo wa gunia lililokuwa likishonwa, akasema polepole, "Shona kama kawaida yako, dada. Mgongo wa mdogo wako unaujua mwenyewe." Akaondoka akipiga mluzi.

Kumbe alijua. Shazia alisimama pale uzi umeshikwa na vidole, mashine inaning'inia mbele ya uso wake. Alidhani ule mgongo ulikuwa siri ya watu watatu, yeye, mdogo wake na daktari. Sasa akaelewa alivyofungwa kamba. Akishona pumba, mdogo wake atapanda ngazi anachekacheka, jaji ataandika kwamba mtihani ni wa haki, na wanawake wote watarudi kwenye meza zao hadi siku ya kuzikwa. Akishona unga, kesi inaweza kusimama, lakini mdogo wake aliyembeba mgongoni atavunjika mgongo juu ya ngazi mbele ya macho yake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mdogo wake alikuja. Wifi yake alikuwa ameshapiga simu mara mbili, akilia bila kumaliza sentensi. Mdogo mtu aliketi kwenye kile kiti kigumu, kwani viti laini vilimtesa, akauliza hali, akaulizia watoto, akasifia pazia. Mwishowe akasema kilichomleta.

"Dada, nishonee kama lile la kwanza."

Shazia aliendelea kukunja nguo zilizoanuliwa. Alimuuliza kama anajua atakuwa anaua kesi ya dada yake. Mdogo wake alisema kesi ni vurugu za Mama Mizani, yeye dada ametumbukizwa tu. Akasema dada hana mtu wa kumlisha sasa, watoto wake wamekuwa wakubwa, cheo atakifanyia nini? Yeye ana wadogo wanne, na hana kazi nyingine anayoiweza, dada anajua sababu.

"Siku ile Mama Mizani alipopanda," Shazia akasema, "ulikuwa unacheka nini?"

Mdogo wake alisema kila mtu alikuwa akicheka.

"Mimi nilikufundisha kazi. Mashine ikikwama unaniita mimi. Nafasi ilipotokea mbona hukunisemea?"

"Ningekusemea wapi, dada? Wangenicheka."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini hakutoka nje wakati wa mvua. Hilo ndilo lililomkata Shazia maini. Angalimtukana, angalimwambia hafai, Shazia angalikuwa na cha kumjibu. Lakini kijana hakuona hata kwamba amesema neno. Alikuwa na mizani yake kichwani: upande huu uhai wote wa dada yake, upande ule kicheko cha wanaume kwenye chai, na kicheko kikazidi uzito. Shazia aliweka shati la mwisho juu ya rundo, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Mdogo wake alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru, akaondoka akidhani ameahidiwa.

Siku yenyewe kiwanda kilifagiwa hadi kikapoteza harufu yake. Jaji, mzee mfupi mwenye miwani, alifika na karani wake, akapewa koti jeupe la wageni lililomfika magotini. Wasimamizi walijipanga upande mmoja wa ngazi, wanawake wa kufungasha upande wa pili. Kipaza alitoa maelezo marefu kuhusu nidhamu, moto ukitokea, mafuriko yakitokea, na jinsi msimamizi anavyotakiwa awe na mwili wa kuokoa wenzake. Jaji alimuuliza moto ulitokea lini. Kipaza akasema bado.

Gunia lilikuwa limesimama peke yake katikati ya sakafu, limenenepa, limepigwa muhuri, mshono wake umenyooka. Shazia alikuwa amelishona asubuhi ile akiwa peke yake mezani. Wenzake walikuwa wamempa kisogo kwa makusudi, hakuna aliyetaka kujua. Mama Mizani peke yake ndiye aliyemtazama kwa mbali, na hata yeye hakuuliza.

Mdogo wake alijitokeza. Alikuwa amevaa shati jipya. Alimtupia dada yake jicho la haraka, lenye imani kamili, jicho lilelile alilokuwa akimtupia zamani akitumwa na mwalimu kumwita mzazi. Akakunja magoti kidogo, akalishika gunia kwa pembe mbili ili alizungushe begani. Kipaza alikunja mikono kifuani.

"Usilibebe, mdogo wangu," Shazia akasema. "Hili limejaa."

Hakusema kwa kelele, lakini mashine zilikuwa zimezimwa na sakafu nzima ilisikia. Mdogo wake aliganda pale alipoinama, vidole vimeshika gunia. Karani aliacha kuandika. Jaji alivua miwani, akauliza kuna maana gani kusema hili limejaa. Je, si yote hujaa?

"Hapana, mheshimiwa. Ya wanaume hayajai. Yanatiwa pumba. Nayajua kwa sababu tunayashona sisi, na lake yeye nililishona mimi. Lililojaa alipewa mwanamke mmoja tu, naye alilipandisha hadi juu, akaambiwa ameshindwa."

Wakili wa kampuni aliruka kupinga. Kipaza alinguruma kwamba huo ni uongo, huyu mwanamke ana wazimu, kijana beba gunia hilo sasa hivi tuonyeshe. Kijana aliangalia gunia. Akajaribu kulitikisa kidogo tu kwa pembe, na halikutikisika, na hapo rangi ikamtoka usoni. Akaliachilia kwa mkono mmoja, kisha wa pili, akasimama wima taratibu kama mzee.

"Dada," alisema, "umenimaliza."

Shazia alikuwa ameapa moyoni kwamba hatalia mbele yao, na hakulia, lakini sauti ilitoka imejaa hasira aliyokuwa ameimeza miaka yote. "Nimekumaliza mimi? Huyo anaujua mgongo wako. Aliniambia mwenyewe pale mezani. Hakujua nitashona nini, lakini akakuleta wewe ubebe. Muulize mbona hakuja kubeba yeye."

Mdogo wake aligeuka kumtazama Kipaza. Kipaza alikuwa amepata kitu cha kuangalia darini. Wasimamizi wengine walijitia hamnazo, huyu anafunga kifungo, yule anafuta kiatu kwa kiatu. Hakuna aliyejitolea kusema kwamba yeye anaweza, kwamba alipopanda lilikuwa limejaa, kwamba walete hilo alibebe. Jaji alingoja. Aliwatazama mmoja mmoja, na alipofika kwa Kipaza alimwelekeza gunia kwa mkono, kwa adabu kabisa, kama anayemkaribisha kiti. Kipaza alisema ana presha.

Ni mdogo mtu aliyesema hatimaye, akiwa ameangalia sakafu. Alisema dada yake hasemi uongo. Alisema alibeba pumba. Kisha akatembea kuelekea mlango mkubwa wa malori, upandeupande, mkono mmoja kiunoni, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyemfuata.

Miguu ya Shazia ilitaka kumkimbilia. Alimkimbilia maisha yake yote, akianguka, akipigwa, akikosa ada, na mwili ulikuwa umeshaanza kugeuka bila kumuuliza. Lakini nyuma yake alisikia mwanamke akikohoa, akasema kwa sauti nyembamba kwamba la mumewe alilishona yeye. Mwingine akasema la kaka yake. Mama Mizani akasogea mbele, akataja la msimamizi wa ghala, na hakumtazama mumewe alipokuwa akilitaja.

Jaji alivaa tena miwani, akamwambia karani afungue ukurasa mpya, akamwomba mlalamikaji asogee karibu aanze tena mwanzo. Shazia aliutazama mgongo wa mdogo wake ukiishia nje juani, kisha akamgeukia jaji akaanza.